LSD ya BMW E30: maneno ya vijiweni na ukweli wa ndani ya difu

Difu ni kifaa kinachogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili, na LSD (limited-slip differential) ni difu inayozuia gurudumu moja lisiteleze peke yake. Difu ya LSD ya magari ya michezo ya zamani husemwa sana na kufunguliwa mara chache. Mtu anaweza kumiliki BMW 325i ya mwaka 1987 kwa muda mrefu, akajivunia herufi S iliyoandikwa kwenye kibati cha difu, na asijue kama sahani za ndani bado zinashika au zilikwisha zamani. E30, kizazi cha BMW 3 Series ambamo 325i hiyo imo, changa kabisa sasa ina zaidi ya miaka 30, na difu nyingi kati ya hizo hazijawahi kuguswa ila kubadilishwa oili. Nimeona difu nzuri zikitupwa, nyingine zikichomelewa, kwa sababu ya maneno tu. Ndiyo maana nayachukua maneno hayo moja moja.

“Difu ya kawaida hupeleka nguvu zote kwenye tairi linaloteleza”

Hapa ndipo upotofu wote unapoanzia. Difu ya kawaida hugawa nguvu ya kuzungusha, ile mafundi wanayoiita toki, sawa kwa sawa kwenye magurudumu mawili, wakati wote. Tatizo lipo hapo hapo kwenye usawa. Tairi lililo kwenye tope haliwezi kupokea toki kubwa kwa sababu halina kitu cha kusukuma, na kwa kuwa mgawo ni sawa, tairi lililo kwenye lami kavu nalo hupata kile kile kidogo. Kinachokwenda upande unaoteleza ni mzunguko, na huo ndio jicho linaouona. LSD kazi yake ni kuuvunja usawa huo kwa msuguano, ili upande wenye mshiko upate zaidi.

“25% maana yake inafunga robo tu”

LSD ya kiwandani ya E30 hutajwa kuwa ya 25%. Wengi husikia robo: inafunga robo ya muda, au robo ya nguvu. Namba hiyo inaeleza tofauti kubwa kabisa ya toki inayoweza kuwapo kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, ikilinganishwa na jumla ya zote mbili. Tuseme ekseli imepokea 1000 Nm (niutoni-mita, kipimo cha toki). Upande mmoja unaweza kupata 625 na mwingine 375. Tofauti ni 250, yaani robo ya 1000. Kwa hiyo gurudumu lenye mshiko linaweza kupata karibu mara 1.67 ya lile linaloteleza. Difu ya 40%, kama ile ya ZF iliyowekwa kwenye Porsche 911 nyingi za zamani, hufikisha 700 kwa 300, mara 2.33.

Ili namba hizi zieleweke lazima tuingie ndani. Kasha la LSD yenye klachi lina pete mbili za kusukuma, zilizochongwa miinamo mahali zinapokutana. Msalaba unaobeba gia za spaida, gia ndogo za katikati ya difu, umekaa katikati ya miinamo hiyo. Kronwili, gia kubwa iliyofungwa kwenye kasha, ikizungusha kasha kwa nguvu, msalaba hupanda kwenye miinamo na kuzitanua pete mbili, moja kushoto, moja kulia. Kila pete inabana rundo la sahani. Katika rundo hilo, baadhi ya sahani zina masikio ya nje yanayoingia kwenye mifereji ya kasha. Nyingine zina meno ya ndani yanayoshika gia ya ekseli. Zikibanwa, kasha na ekseli hukataa kuachana mwendo. Ukikanyaga mafuta zaidi, msalaba unapanda zaidi na sahani zinabanwa zaidi. Ukiachia, zinalegea.

Pembe ya miinamo, idadi ya sura za sahani zinazosuguana na ubora wa msuguano wenyewe ndivyo vinavyoamua asilimia. Springi za umbo la kisahani zilizopangwa pamoja na sahani hufanya kazi nyingine: zinaweka mbano wa mwanzo, ule uliopo hata gari likiwa limesimama. Anayechanganya mambo haya mawili atakosea kila hatua ya matengenezo.

Na kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Gurudumu moja likiwa hewani kabisa, halina toki yoyote ya kuzidishwa. Mara 1.67 ya sifuri ni sifuri. Kinachobaki kusukuma gari ni ule mbano wa mwanzo tu, na kwenye difu iliyochakaa nao umekwisha. Ndiyo sababu dereva aliyekwama huvuta breki ya mkono kidogo huku akikanyaga mafuta taratibu: breki inalipatia gurudumu linaloelea mzigo wa kupambana nao, toki inapanda, miinamo inafanya kazi. Kwenye E30 breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma, kwa hiyo mbinu hii inafaa.

“Inua nyuma, zungusha tairi, yakienda upande mmoja, LSD ni nzima”

Kipimo hiki kina ukweli nusu. Gia ikiwa huru na magurudumu yote mawili yakiwa juu, difu ya kawaida kwa kawaida hugeuza gurudumu la pili kinyume, na LSD huligeuza upande ule ule. Lakini LSD iliyokwisha mbano wa mwanzo itageuza kinyume kama difu ya kawaida, na mwenye gari ataambiwa kibati chake ni cha uongo. Upande wa pili, difu ya kawaida yenye oili nzito na baridi inaweza kuburuza tairi la pili upande mmoja kwa muda, na mnunuzi akalipia LSD isiyokuwapo. Kibati nacho huhamishwa kutoka difu moja kwenda nyingine, kwa kuwa kimeshikwa na boliti tu.

Kipimo cha haki ni spana ya toki. Gurudumu moja liache chini likiwa na kigingi, jingine liinue, gia iwe huru, kisha geuza lililo juu kwa spana hiyo na usome ni Nm ngapi linapoanza kusogea na ni ngapi linapoendelea kusogea. Linganisha na kiwango cha kitabu cha gari lako. Ikiwa namba ya pili iko karibu na sifuri, sahani au springi zimekwisha, hata kama difu haipigi kelele yoyote. Ukimya wa LSD kuukuu mara nyingi ni dalili mbaya.

“Ikigongagonga kwenye kona, imekufa”

Hapa kinyume chake ndicho cha kawaida. Mlio wa kutetemeka au kugugumia wakati wa kukata kona taratibu, kama kutoka sehemu ya maegesho, hutokea sahani zinaposhika, zikaachia, zikashika tena. Zinashika, basi. Chanzo mara nyingi ni oili isiyofaa. Difu ya namna hii huhitaji oili ya daraja la GL-5 kwa sababu ya meno ya kronwili na pinieni (gia ndogo inayoizungusha kronwili) yanayosuguana kwa shinikizo kubwa, na juu ya hapo huhitaji kirekebishi cha msuguano, dawa ya kuchanganya kwenye oili, ili sahani ziteleze kwa ulaini badala ya kuruka. Oili nyingi zilizoandikwa LSD kwenye chupa zimeshachanganywa nacho. Kabla ya kuagiza sahani, mwaga oili ya zamani, weka inayofaa, endesha kwa kukata kona nyingi za taratibu, ndipo uamue.

Kutoka hapo imezaliwa dhana nyingine, kwamba kirekebishi hufufua LSD iliyochoka. Hakiwezi. Kirekebishi hupunguza msuguano. Ukikimimina kwenye difu ambayo tayari haishiki, unaidhoofisha zaidi. Tena chupa ya ziada ndani ya oili iliyokwisha kuchanganywa hupunguza kufunga hata kwa difu nzima. Kwenye 911 za zamani, ambako difu hukaa ndani ya giaboksi na kunywa oili moja nayo, uchaguzi unahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu oili inayopendwa na sahani inaweza kuzikera sinkronaiza, zile pete zinazolainisha kuingiza gia.

“Iongezee shimu, ibane, ndiyo inakuwa ya mashindano”

Hii ndiyo inayoharibu difu nyingi baada ya matengenezo kuliko kabla yake. Fundi anapata sahani zimelika, hana mpya, anaweka shimu, yaani vipande vyembamba vya kujazia nafasi, nyuma ya rundo mpaka mbano urudi. Spana ya toki inasoma namba kubwa na mwenye gari anafurahi. Lakini miinamo ni ile ile na idadi ya sura za msuguano ni ile ile, kwa hiyo uwezo wa kufunga chini ya mzigo haujapanda sana. Kilichopanda ni ugomvi wa kudumu: tairi la ndani linalia kwenye kila mzunguko wa barabara, pua ya gari inakataa kuingia kona, na sahani zinaungua kwa kusuguana hata pale ambapo hakuna haja.

Anayetaka kutoka 25% kwenda karibu na 40% huongeza sahani za msuguano ndani ya nafasi ya rundo, kwa kutumia seti iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, halafu anaweka mbano wa mwanzo kwa kiwango. Kwa gari la barabarani, mimi ningebaki na 25% iliyojengwa upya vizuri. E30 yenye LSD hai ya kiwandani ni gari linaloeleweka kwa mkono, na watu wengi wanaotaka zaidi hawajawahi kuendesha hiyo 25% ikiwa mpya.

“Ukiifungua, umeharibu mpangilio wa kronwili na pinieni”

Hofu hii inawafanya watu wanunue difu ya mtumba badala ya kujenga yao, ilhali ya mtumba ina umri ule ule na hakuna aliyeipima.

Pinieni haiguswi katika kazi hii. Kina chake kinabaki vile kilivyotoka kiwandani. Kinachotolewa ni kasha la LSD pamoja na kronwili, na kwenye difu kubwa ya E30, ile ya 188 mm iliyokuja na 325i na M3, kasha hilo linashikiliwa na vifuniko viwili vya pembeni vyenye shimu zake. Shimu za kushoto na za kulia ndizo zinazoamua uchezaji wa meno. Ziandike, zifunge kwenye mifuko tofauti, wala usizichanganye hata kwa dakika moja. Beringi zikirudi zile zile na shimu zikirudi upande wake, mpangilio unarudi. Ukibadilisha beringi za kasha, hapo ni lazima upime upya: uchezaji kwa saa ya kupimia, sehemu kadhaa za mzunguko, na alama ya kugusana kwa kupaka rangi kwenye meno.

Kasha lenyewe litie alama kabla ya kuligawa, ili nusu mbili zirudiane kama zilivyokuwa. Toa sahani moja moja uzipange mezani kwa mpangilio wake, upande wa kushoto mbali na wa kulia. Kisha mikromita. Pima kila sahani sehemu kadhaa, kwa sababu sahani inaweza kuwa nene upande mmoja na nyembamba mwingine. Tafuta rangi ya bluu ya kuungua, mikwaruzo, na mahali ambapo tabaka la molibdenamu limeisha na chuma kimebaki kitupu. Angalia masikio ya sahani na mifereji ya kasha. Mifereji ikiliwa vishimo, sahani hukwama na hakuna sahani mpya itakayoponya hilo. Pitisha kucha kwenye miinamo ya pete. Mwinamo wenye vidonda hufanya difu ifunge kwa kishindo. Springi zilizolala nazo zibadilishwe, ni rahisi kuliko kurudi tena chini ya gari.

Sahani mpya zilowekwe kwenye oili kabla ya kupangwa, zisifungwe kavu. Sahani hupatikana kwa unene tofauti wenye mpishano mdogo sana, na kwa huo ndio mbano hurekebishwa. Boliti za kronwili ziwe mpya, zikazwe kwa toki ya kitabu na gundi ya nyuzi.

“Kuchomelea ni LSD ya maskini”

Difu iliyochomelewa haina mpaka wa kufunga. Ekseli mbili zimekuwa moja. Pima mwenyewe: matairi ya nyuma yakiwa yameachana mita 1.4, kwenye kona ya digrii 90 tairi la nje husafiri mita 2.2 zaidi ya la ndani. Mita hizo lazima ziliwe na mpira wa tairi na viungo vya ekseli, kila kona, kila siku. Kwenye uwanja wa kuteleza kwa makusudi mtu anaweza kuchagua hivyo akijua. Barabarani, mvua ikinyesha, ni hatari.

“LSD zote hujengwa kwa sahani”

Hapana. Mazda MX-5 za kwanza za 1.6 zenye LSD zilikuwa na ile ya mnato, yenye majimaji ya silikoni ndani ya kasha lililofungwa moja kwa moja. Nissan Silvia S13 zenye LSD nazo hutumia aina hiyo. Ikichoka hubadilishwa, haijengwi gereji. Mwaka 1994, MX-5 ya 1.8 ilipoingia soko la Marekani, ikaja Torsen, inayofanya kazi kwa gia za mshazari, bila rundo la sahani za klachi na bila haja ya kirekebishi. Jua kwanza ulichonacho, ndipo uulize bei ya spea.

“Ikishafungwa, kazi imekwisha”

Sahani mpya zina ukali wake na spana itasoma juu ya kiwango mwanzoni. Tafuta uwanja mpana, endesha taratibu kwa umbo la namba nane, kushoto na kulia kwa usawa, uiache ipoe, urudie. Unga wa sahani utaingia kwenye oili, kwa hiyo oili hiyo ya kwanza imwagwe mapema na sumaku ya nati isafishwe: unga laini wa kijivu ni wa kawaida, vipande si vya kawaida. Weka oili mpya, inua tena gurudumu moja, pima kwa spana ya toki, na uiandike namba hiyo pamoja na tarehe kwenye kitabu cha gari. Ipime kila unapobadilisha oili ya difu. Inaposhuka, utaiona ikishuka kabla ya kuihisi barabarani.