Kukaa pwani hakukukingi na rovu

Nikizungumza na watu wa pwani kuhusu madini joto, hakosi mtu wa kuniambia somo hilo niwapelekee watu wa Iringa na Mbeya. Sisi, wanasema, samaki tunakula, na chumvi tunavuna wenyewe. Hoja hiyo ina mantiki, na kwa miaka mingi hata wataalamu waliikubali. Kipimo cha mkojo kinasema vingine.

Tuanze na kilicho kweli. Iodini, ambayo Tanzania tumezoea kuiita madini joto, huyeyuka majini kwa urahisi. Mvua za maelfu ya miaka zimeisomba kutoka kwenye udongo wa miinuko na kuipeleka baharini, kwa hiyo mahindi na maharage ya huko hutoka na iodini kidogo mno. Ndiyo sababu Nyanda za Juu Kusini ziliumia sana kwa rovu, ule uvimbe wa tezi ya shingoni, na katika miaka ya 1980 wilaya zilizoathirika zaidi zikaanza kugawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto. Kanuni za kulazimisha chumvi iongezwe madini hayo zilikuja baadaye, katikati ya miaka ya 1990.

Tezi ya thairoidi, ile iliyokaa mbele ya shingo chini kidogo ya kikoromeo, inaitaka iodini kwa kazi moja tu: kutengeneza homoni. Homoni ya T4 ina atomi 4 za iodini, T3 ina 3. Ndizo zinazoamua mwili uchome chakula kwa kasi gani, moyo upige haraka kiasi gani, na ubongo wa mtoto aliye tumboni ukue vipi. Iodini ikipungua, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo hutoa kwa wingi zaidi homoni iitwayo TSH kuihimiza thairoidi. Sasa ihimizwe miezi na miaka bila malighafi: hutanuka. Hiyo ndiyo goita, au rovu.

Lakini uvimbe ni kile kinachoonekana tu. Kinachonikosesha usingizi ni mimba changa. Mpaka kufikia kama wiki ya 12, mtoto hana homoni za thairoidi za kwake, anategemea za mama. Mama akipungukiwa sana wakati huo, ubongo wa mtoto hupata hasara isiyolipika baadaye. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za iodini kwa siku, mjamzito 250. Ni kiasi kidogo cha kushangaza; mahitaji ya mtu mzima kwa miaka 70 hayafiki hata gramu 4. Shida ni kwamba huwezi kuyala mara moja yakaisha, kwa sababu akiba ya tezi ni ya miezi tu.

Turudi baharini. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35, na iodini kama mikrogramu 50 hadi 60. Tuseme jua limekausha maji na iodini yote imebaki kwenye chumvi. Gramu 5 za chumvi hiyo, ambazo Shirika la Afya Duniani linataka tusizivuke kwa siku, zingekupa mikrogramu 7 au 8. Na haibaki yote: nyingine huruka hewani, nyingine huenda na yale maji machungu yanayomwagwa baada ya chumvi kuganda. Chumvi iliyoongezwa miligramu 30 za iodini kwa kilo, kwa gramu hizo hizo 5, inakupa mikrogramu 150. (Ile chumvi ya waridi inayouzwa ghali kwa jina la Himalaya, kama haikuongezwa kitu, iweke fungu moja na chumvi isiyo na madini joto ya kutosha.)

Samaki wa baharini anayo iodini, sibishi. Ila kipande kimoja kilichogawanywa kwa watu sita, siku mbili tatu kwa wiki, si kile watu wanachokimaanisha wanaposema "tunakula samaki". Mwani nao, ambao akina mama wa Paje na Jambiani wanaulima kwa jasho, karibu wote husafirishwa nje. Kwa hiyo watoto wa shule wa Unguja na Pemba walipopimwa mkojo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, upungufu ulionekana wazi hasa Pemba, ambako hali ilikuwa mbaya zaidi kuliko Unguja. Tunapima mkojo kwa sababu zaidi ya asilimia 90 ya iodini unayokula hutokea huko.

Tatizo jingine liko kwenye uongezaji wenyewe. Wavunaji wadogo huyeyusha potasiamu iodeti, unga wenye iodini, kwenye maji na kuinyunyizia chumvi kwa bomba la mgongoni, huku mwingine akigeuza kwa sepetu. Akichoka kugeuza, basi. Nimewahi kudondoshea dawa ya kupimia kwenye chumvi ya mawe iliyochotwa gunia moja: punje hii ikawa zambarau iliyokolea, ya jirani yake ikabaki nyeupe pe. Na gunia lenyewe lilikuwa wazi, juani, na madini hupotea hivyo. Nyumbani weka chumvi kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jiko, na utie chumvi mboga inapokaribia kuiva. Wanaoiosha kutoa mchanga wajue kwamba madini yamekaa juu ya punje. Yanaondoka na maji.

Muhogo mchungu nao una mkono wake. Kwenye kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, upande wa Kongo, watafiti wa miaka ya 1960 na 1970 walikuta iodini ni haba pande zote, lakini rovu imetapakaa zaidi kaskazini, ambako muhogo uliliwa kwa wingi. Sumu ya muhogo usiolowekwa na kukaushwa vizuri hugeuka mwilini kuwa kitu kinachoizuia tezi kunyonya iodini. Ukiuandaa ipasavyo na chumvi yako ikawa nzuri, kula muhogo wako.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: nina uvimbe shingoni, niongeze chumvi? Hapana. Chumvi nyingi itakupandishia presha, na uvimbe wa shingo una sababu nyingi, nyingine hazihusiani kabisa na upungufu wa iodini. Kuna tezi inayoshambuliwa na kinga ya mwili yenyewe, na kuna vinundu. Chumvi yenye madini joto ilipoingia Kivu na Zimbabwe miaka ya 1990, walijitokeza wagonjwa ambao tezi zao zilianza kutoa homoni kupita kiasi: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, kukonda. Tezi yenye vinundu vya siku nyingi, ikishapata iodini ya ghafla, inaweza kuacha kutii amri ya TSH. Hilo halikuwa sababu ya kuondoa madini kwenye chumvi, maana waliookolewa ni wengi zaidi. Ni sababu ya kutonunua matone ya iodini mtandaoni ukajitibu. Nenda upimwe TSH na T4 kwenye damu, na daktari akishika shingo akahisi kinundu, atakuandikia utrasaundi.