Grace Jones: picha iliyoitangulia sauti

Mwaka 1980, kwenye studio za Compass Point mjini Nassau, Bahamas, Chris Blackwell wa kampuni ya muziki ya Island Records aliwakusanya wanamuziki ambao wengine walikuwa wanakutana kwa mara ya kwanza. Sly Dunbar na Robbie Shakespeare walitoka Jamaika, mmoja kwenye dramu na mwingine kwenye besi. Barry Reynolds, mpiga gitaa, alitoka Uingereza. Kinanda alikishika Wally Badarou, kijana wa Paris mwenye asili ya Benin. Blackwell alibandika ukutani picha kubwa ya mwimbaji wao, akawaambia watengeneze muziki utakaosikika kama picha ile inavyoonekana.

Mwimbaji wa kwenye picha alikuwa Grace Jones, mwanamitindo. Mimi ni mpiga picha za mavazi hapa Dar es Salaam, na katika visa vyote vya muziki ninavyovijua, hiki ndicho ninachokirudia mara nyingi zaidi ninapofundisha mamodo wachanga. Huwa tunasimuliwa kwamba Grace alianza na mitindo, akaiacha akaenda kuimba, kisha akahamia kwenye filamu. Nikitazama kazi zake kwa jicho la fani yangu, naona ufundi mmoja tu, alioupata mbele ya kamera na kwenda nao kila alikoalikwa.

Modo aliyeiva anajua taa iko wapi bila kuitazama. Anajua akishusha kidevu kidogo kivuli kitaangukia wapi, na bega lipi lisogee mbele ili shingo ionekane ndefu. Jambo gumu kuliko yote ni kutulia. Anayetazama picha haoni kwamba misuli yote iko kazini, pumzi imebanwa, na uso umeshika wazo moja mpaka kamera ilie.

Grace alizaliwa Spanish Town, Jamaika, mwaka 1948, katika familia ya Kipentekoste iliyokuwa kali kupita kiasi. Alilelewa na bibi yake na mume wa bibi huyo, kisha akiwa binti akawafuata wazazi wake Syracuse, jimbo la New York. Amewahi kueleza kwamba lile jicho lake la kutisha jukwaani amelichukua kwa wazee wa kiume waliomlea kwa fimbo na Biblia. Alianza kazi na Wilhelmina, wakala wa mamodo mjini New York, na mwaka 1970 akaenda Paris. Huko alitembea jukwaani kwa wabunifu wa mavazi Yves Saint Laurent na Kenzo, na Helmut Newton na Guy Bourdin wakampiga picha.

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo ninapoona wapiga picha wetu wengi wanapokosea. Ngozi nyeusi sana kama ya Grace haitaki kumwagiwa mwanga mpaka ipauke. Inataka taa ya pembeni, mafuta kidogo, na mng'ao mwembamba unaopita juu ya mfupa wa shavu, begani na kwenye paja. Mng'ao huo ndio unaochora umbo. Picha zake bora zimejengwa hivyo, na yeye aliujua mwili wake kiasi cha kuupeleka mng'ao pale alipoutaka. Nywele alizonyoa nazo zilifanya kazi ileile: zilipoondoka, fuvu lote likabaki kwa ajili ya mwanga.

Sasa rudi Nassau. Albamu zake tatu za mwanzo, za mwaka 1977 hadi 1979, zilikuwa za disko chini ya mtayarishaji Tom Moulton. Zina uzuri wake, na La Vie en rose ilimpa jina, lakini vinanda na vinubi vimejaa kila mahali na sauti inapigania nafasi. Compass Point waliondoa vyote hivyo. Besi ya Shakespeare inapiga noti chache na kuacha uwazi mpana, na Grace, kwa sauti yake nzito ya chini, anaimba nusu na kusema nusu. Analiweka neno mahali pake, analiacha, halafu anasubiri. Sikiliza Private Life ya mwaka 1980. Ule utulivu naufahamu vizuri, ndio ninaouomba kwa modo kabla sijabonyeza kamera. Studio hiyo ilitoa albamu tatu mfululizo, Warm Leatherette, Nightclubbing na Living My Life, kati ya mwaka 1980 na 1982.

Picha nyingi za kipindi hicho alizitengeneza na Jean-Paul Goude, Mfaransa aliyekuwa mpenzi wake na baba wa mwanawe. Pengine umeiona ile iliyowekwa kwenye kava la Island Life mwaka 1985: amesimama kwa mguu mmoja, mwingine umenyooka nyuma, kipaza sauti mkononi. Binadamu hawezi kusimama hivyo. Goude alimpiga vipande vipande katika mikao tofauti, akakata na kuunganisha kwa mkono, miaka mingi kabla ya kompyuta kufanya kazi hiyo. Hata hivyo mkato haungemsaidia kama kila kipande kisingekuwa na mvutano uleule wa misuli, na mvutano huo ulitoka kwa Grace. Kwangu yeye ni mtunzi mwenza wa picha ile.

Ipo picha nyingine ya Goude inayomwonyesha ndani ya kizimba, kwa miguu na mikono kama mnyama, anaunguruma. Hiyo siipokei. Najua Grace ameitetea kazi yao kuwa ya watu wawili walioelewana, na namheshimu kwa hilo. Lakini anayeshika kamera anabeba historia ya picha zote zilizomtangulia, na mwanamke Mweusi kizimbani ni picha ambayo Ulaya ilikuwa imeshaipiga mara nyingi mno.

Mwaka 1984 mchoraji Keith Haring alimchora mwili mzima kwa rangi nyeupe, na Robert Mapplethorpe akapiga picha. Mistari ile ya Haring hufanya kazi iliyokuwa ikifanywa na taa, inafuata mbavu na nyonga na kuuonyesha mzunguko wa mwili. Filamuni nafasi zake bora zina maneno machache. May Day, mhusika aliyemwigiza katika filamu ya James Bond ya mwaka 1985 anatawala kwa mabega na macho, na wahusika wenye mazungumzo marefu wanasahaulika akiingia.

Kazi ninayoipenda zaidi ni video ya I'm Not Perfect ya mwaka 1986, kwa sababu aliiongoza mwenyewe. Haring alimchorea sketi kubwa ajabu, naye Grace anainuka juu yake akiwa amevalishwa mchoro. Aliyezoea kuelekezwa na wapiga picha sasa ndiye anayeamua kamera isimame wapi. Na mwaka 2012, akiwa na miaka 64, aliimba Slave to the Rhythm mbele ya kasri la Buckingham huku akizungusha hoop, lile duara la kuchezea, kiunoni wimbo mzima. Tazama kifua na mabega yake: havitikisiki, na sauti haitikisiki.

Kwa anayeanza, chukua Nightclubbing ya mwaka 1981. Weka kava mbele yako, lile la koti lenye mabega mapana na sigara isiyowashwa, kisha sikiliza Walking in the Rain huku ukilitazama. Modo wangu huwa nawapa zoezi hilo kabla ya zoezi la kutembea.