Kompresa Huhukumiwa Kabla ya Kupimwa: Dhana Potofu za Mafundi Friji

Kuanzia Mtwara mjini hadi Mikindani na Lindi, friza ndiyo akiba ya mchuuzi wa samaki, na ikigoma mchana wa jua kali kila mtu hutaka jibu la haraka. Haraka hiyo huwafanya watu wanunue kompresa mpya (pampu inayosukuma gesi ya friji) wakati kilichokufa ni kifaa kidogo kilichofungwa ubavuni mwake.

Dhana: mita isiposoma kitu, koili (waya uliosokotwa ndani ya mota ya kompresa) imeungua.

Ukweli ni kwamba kompresa ya fezi moja ina pini tatu: ya pamoja (C), ya kuendeshea (R) na ya kuanzishia (S). Ikiwa nzima, C na R husoma ukinzani mdogo kuliko vyote, C na S husoma zaidi, na R na S husoma jumla ya hivyo viwili. Kwa mfano omu 12, 20 na 32. Niliwahi kuitwa Mikindani kwa mama muuza pweza aliyekwisha kuambiwa kwamba kompresa yake imekufa. Ilikuwa ya moto kiasi kwamba kiganja hakikukalika juu yake; C haikusoma na pini yoyote, lakini R na S zilisoma omu 31. Kipimo hicho cha mwisho kilitosha kuonyesha kwamba koili zote mbili, ya kuendeshea na ya kuanzishia, ni nzima, na kwamba kilichofunguka kwa joto ni ovalodi ya ndani, yaani swichi ya usalama inayokata umeme joto likizidi, ambayo hukaa kwenye njia ya C. Baada ya saa mbili na nusu kompresa ilipoa na C ikasoma kama kawaida. Mkosaji alikuwa kapasita ya kuanzishia, kifaa kinachohifadhi chaji na kuisaidia mota kuanza, iliyoandikwa maikrofaradi 64 hadi 77, nayo ilisoma 19. Kama ovalodi ingebaki wazi hata baada ya kompresa kupoa kabisa, hapo ndipo ningekubali kwamba kompresa ibadilishwe.

Dhana: kapasita ikitoa cheche ni nzima.

Cheche huonyesha kwamba imeshika chaji, haionyeshi kiasi chake. Itolewe chaji kwa rizista ya omu 20,000, wala si kwa bisibisi, kisha ipimwe maikrofaradi.

Rilei ya kidonge (swichi ndogo ya kuanzishia mota) nayo hudhaniwa kuwa nzima maadamu haichezi ndani ikitikiswa. Kuchezacheza ni dalili kwamba kidonge kimevunjika, lakini ukimya si ushahidi wa uzima; ipimwe ikiwa baridi, kwa sababu ikiwa ya moto ukinzani wake hupanda sana. Ndiyo maana umeme ukikatika na kurudi papo hapo, kompresa hunguruma bila kuwaka mpaka kidonge kipoe.

Dhana: mita isipolia kati ya pini na bodi (ganda la chuma la kompresa), hakuna umeme unaovuja.

Mita ya kawaida hupima kwa betri ndogo, ilhali kompresa hufanya kazi kwa volti 230. Kipimo cha kuaminika ni mega ya volti 500, yaani mita inayopima uvujaji kwa volti kubwa, ambayo kamwe haitumiki kompresa ikiwa imevutwa hewa yote. Kwetu pwani, pini zifutwe na kukaushwa kwanza, kwani chumvi yenye unyevu hupitisha umeme na kuisingizia koili nzima. Kisha kifuniko cha pini kirudishwe kabla ya kuwasha, maana pini iliyodhoofika inaweza kufyatuka, ikatoa mafuta na gesi ya moto usoni mwa fundi aliyeinama.