Kutoa namba kubwa: kazi huanza kabla ya kutoa

Chukua hesabu hii: 5,203 − 2,768. Mpe mtoto anayejua kutoa namba za tarakimu mbili, halafu usimwambie kitu. Usishangae akikuletea 3,565. Fuata safu moja moja utaona alivyoipata: 3 na 8, akaandika 5, 0 na 6, akaandika 6, 2 na 7, akaandika 5, 5 na 2, akaandika 3. Katika kila safu ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu na ipi iko chini.

Walimu wengi huweka alama ya kosa na kuandika pembeni "kuwa makini". Mimi naona mtoto huyu alikuwa makini kweli kweli. Ameshika kanuni na kuifuata bila kuteleza hata mara moja. Tatizo ni kwamba kanuni yenyewe ni mbovu. Mwaka 1978 watafiti wawili wa Marekani, John Seely Brown na Richard Burton, walichapisha kazi iliyolionyesha jambo hili vizuri: makosa mengi ya watoto katika kutoa yana utaratibu wake, na ukishaujua utaratibu wa mtoto fulani unaweza kutabiri jibu lake kabla hajaliandika. Walitengeneza hata programu ya kompyuta inayojifanya mtoto mwenye kosa, ili walimu wafanye mazoezi ya kulitambua.

Kwa hiyo kabla ya kufundisha chochote, jifunze kusoma jibu lililokosewa. Kuna swali moja ninalolitumia sana kwa kazi hiyo: 503 − 267. Jibu ni 236.

Mtoto akileta 336, jibu lake limezidi kwa 100 kamili. Hiyo 100 imetoka wapi? Alipoona 3 haitoshi kutoa 7, alikwenda kwenye makumi, akakuta 0, akakumbuka kwamba "sifuri hugeuka 9", akaandika 9 juu yake na kuwapa mamoja kumi lao. Mamia hakuyagusa, 5 imebaki 5. Makumi 9 na mamoja 10, jumla 100, yametokea hewani. Mwingine ataleta 146, pungufu ya 90. Huyu aliiruka sifuri, akachukua mia nzima kutoka kwenye 5 na kuipeleka kwenye mamoja, lakini kule ikafika kumi tu: 3 ikawa 13. Tisini zimepotelea njiani. Kisha akarudi kuchukua mia nyingine kwa ajili ya makumi, na hiyo akaigawa sawasawa. Swali ni moja na wote wamekosa, ila huwezi kuwapa somo moja: wa kwanza ameongeza thamani ambayo haikuwepo, wa pili ameipoteza iliyokuwepo.

Yule wa 3,565 naye yumo humo humo. Wote watatu wanaziona tarakimu, namba hawaioni. Na hapa naomba tuelewane, kwa sababu nikisema "thamani ya nafasi" mwalimu atanijibu kwamba watoto wake wanaijua. Ukiwauliza "katika 5,203, tarakimu 2 iko nafasi gani?" watasema mamia, kwa sauti moja. Hilo ni jina tu la nafasi. Swali linalopima uelewa ni hili: "Katika 5,203 kuna makumi mangapi?" Wengi watasema sifuri. Yapo 520. Ile sifuri inatuambia tu kwamba hakuna kumi lililobaki peke yake baada ya makumi mengine yote kufungwa kuwa mamia na maelfu. Mtoto anayeamini kwamba hakuna makumi mle ndani, ukimwambia achukue kumi moja kutoka hapo, kwake huo ni uchawi. Atakariri mwendo wa kalamu, na mwendo wa kalamu husahaulika.

Ndiyo maana natumia muda mrefu, mrefu kuliko baadhi ya walimu wenzangu wanavyopenda, nikiwaandikisha watoto namba moja kwa sura nyingi bila kutoa kitu chochote:

5,203 = maelfu 5, mamia 2, makumi 0, mamoja 3
5,203 = maelfu 4, mamia 12, makumi 0, mamoja 3
5,203 = maelfu 4, mamia 11, makumi 10, mamoja 3
5,203 = maelfu 4, mamia 11, makumi 9, mamoja 13

Kila mstari wanaujumlisha. 4,000 na 1,100 na 90 na 13, bado ni 5,203. Hakuna kilichoongezeka wala kupungua. Tumefungua fungu moja la nafasi ya kushoto na kulimwaga kwenye nafasi inayofuata kulia, ambako linahesabika kuwa kumi. Neno ninalolitumia ni "fungua". Neno "kukopa" silipigi vita, lakini nalichelewesha, maana mtoto makini atauliza deni litalipwa lini, na katika njia hii hakuna deni.

Vifaa? Kwa namba hadi mia chache, vijiti vilivyofungwa kumi kumi, na mafungu kumi yakafungwa tena kuwa mia, vinatosha. Uzuri wake ni kwamba mtoto anafungua kamba kwa mkono wake na kuviona vijiti kumi vikimwagika. Vipande vya mbao vilivyosambazwa na mwanahisabati Zoltán Dienes, yaani kijipande cha 1, fimbo ya 10, bapa la 100 na mchemraba wa 1,000, vinafanya kazi hiyo hiyo hadi maelfu, ila fimbo haifunguki. Inabidi ibadilishwe kwa vijipande kumi. Abakasi ije baadaye. Kwenye abakasi shanga ya makumi na shanga ya mamoja zinafanana kabisa, thamani iko kwenye waya iliposimama. Kwa mtoto aliyekwisha kufungua mafungu, hilo ni daraja zuri la kumpeleka kwenye tarakimu za kwenye karatasi. Kwa ambaye hajafungua, shanga ni tarakimu nyingine tu.

Sasa turudi kwenye 5,203 − 2,768. Kanuni yangu darasani ni andaa kwanza, toa baadaye. Mtoto anaipitia namba ya juu yote kutoka kulia, akijiuliza kwa kila safu kama ya juu inatosha. Pasipotosha, anafungua. Akimaliza, namba ya juu imekuwa 4, 11, 9, 13, ule mstari wa nne pale juu. Chini kuna 2, 7, 6, 8. Sasa anatoa: 2, 4, 3, 5. Jibu 2,435.

Mpangilio uliozoeleka ni kufungua, kutoa, kufungua, kutoa, safu kwa safu. Haukosei kihesabu, lakini unamlazimisha mtoto kubadilisha kazi kila baada ya hatua moja, na ndipo anaposahau kwamba 2 ya mamia imeshaguswa. Akiwa ameandaa namba nzima, anaweza hata kutoa kuanzia kushoto na jibu likawa lile lile. Waonyesheni watoto hilo. Wanafurahi, na pia wanagundua kwamba sheria ya "anza kulia" inahusu maandalizi.

Kuna jambo moja najua halitapendwa: wiki nyingi za kutoa bila kukopa kabla ya kufika kwenye kukopa zina madhara. Mtoto anayepewa 876 − 543 na ndugu zake mfululizo anajifunza kwamba kila safu inajitegemea, na kwamba "kubwa toa ndogo" haijawahi kumwangusha. Kisha siku moja tunamgeuzia. Mimi huchanganya mapema: maswali manne, mawili yanahitaji kufungua na mawili hayahitaji, na kazi ya kwanza ni kusema yapi ni yapi bila kutafuta jibu.

Sifuri nyingi ndizo zinazowatoa watoto jasho. 40,003 − 17,658. Njia ya kawaida ni kusafiri: mamoja hayatoshi, nenda makumi, hakuna, nenda mamia, hakuna, maelfu, hakuna, makumi elfu, ipo. Fungua, rudi, fungua, rudi. Katikati ya safari mtoto amechanganyikiwa. Lakini kama alilielewa swali la "kuna makumi mangapi", hana haja ya kusafiri. Katika 40,003 kuna makumi 4,000 na mamoja 3. Fungua kumi moja: yanabaki makumi 3,999, na mamoja yanakuwa 13. Basi. Juu pameandikwa 3, 9, 9, 9, 13. Chini 1, 7, 6, 5, 8. Jibu ni 22,345. Zile 9 tatu sasa zina sababu: ni 4,000 iliyopungua moja. Nimewahi kumwona msichana akifunika tarakimu ya mwisho kwa kidole, akasoma "elfu nne", akanong'ona "elfu tatu mia tisa tisini na tisa", akaandika zote kwa mkupuo. Hiyo ndiyo thamani ya nafasi ikifanya kazi.

Kwa njia, ukisoma namba hizi kwa sauti, tua mahali panapostahili. "Elfu arobaini na tatu" mtoto mmoja ataandika 40,003, mwingine 43,000, na wote wana haki. Sema "arobaini elfu, na tatu" kwa ile ya kwanza, au iandike ubaoni uache ubishi.

Kuhusu kupanga namba, nitasema kidogo tu. Katika 12,045 − 876 watoto kadhaa wataiweka 8 chini ya 1, kwa sababu tumezoea kuandika kuanzia kushoto. Daftari la visanduku, tarakimu moja kila kisanduku, mamoja chini ya mamoja. Likishakuwa mazoea, 11,169 inakuja bila shida.

Tukifika mamilioni, safu saba za kufungua moja moja ni mateso yasiyo na faida. Hapa natumia alama za mkato zilizomo kwenye namba yenyewe. Namba kubwa imegawanyika kwa tatu tatu: kundi la mamoja, kundi la elfu, kundi la milioni, na kila kundi ni mara elfu moja ya lile la kulia kwake. Basi fungua kundi zima. 7,000,215 − 2,450,380: mamoja 215 hayatoshi kutoa 380, na elfu ni 0. Fungua milioni moja: zimebaki 6, na elfu ni 1,000. Fungua elfu moja: zimebaki 999, na mamoja ni 1,215. Sasa 1,215 − 380 ni 835. 999 − 450 ni 549. 6 − 2 ni 4. Jibu 4,549,835. Wazo ni lile lile la kwenye vijiti, isipokuwa fungu sasa ni la elfu badala ya kumi.

Msomaji aliyesoma zamani huenda alifundishwa njia nyingine, ya kuongeza pande zote mbili: katika 503 − 267 unaipa 3 ya juu kumi, kisha unaongeza moja kwenye makumi ya chini, 6 inakuwa 7. Halafu 0 ya juu inakuwa 10, na 2 ya chini inakuwa 3. Sita, tatu, mbili: 236. Ni njia sahihi kabisa, kwa sababu tofauti ya namba mbili haibadiliki ukiziongezea zote kiasi kilekile. Humo ndimo kuna deni na malipo. Shida huja mzazi anapomfundisha mtoto njia hii nyumbani wakati shuleni anafungua mafungu. Mtoto anapunguza juu na kuongeza chini kwa pamoja, kiasi kilekile kinaondolewa mara mbili. Ukiona jibu limepungua 10, 100 au 110 bila maelezo, muulize nani alimsaidia.

Kabla ya kuandika jibu lolote, watoto wangu hukadiria. 5,203 toa 2,768 ni kama elfu tano toa karibu elfu tatu, elfu mbili na zaidi kidogo. 3,565 ingejifichua hapo hapo. Baada ya jibu wanajumlisha: 2,435 na 2,768 zirudishe 5,203. Kukadiria kunanisaidia zaidi, maana mtoto aliyechoka hujumlisha kwa uvivu ule ule aliotolea.

Njia ya mkato naiweka mwisho. 1,000,000 − 384,267: punguza moja kila upande, iwe 999,999 − 384,266. Hakuna cha kufungua tena, jibu 615,733 linaandikwa moja kwa moja. Simpi mtoto ujanja huu kabla hajaweza kunieleza kwa nini 999,999 imekubalika kukaa mahali pa milioni, na kwa nini ile ya chini nayo ilibidi ipungue.