Katiba Imeshaandikwa, Mahakama Iko Wapi?

Kila kamati inayojiandaa kutoa nchi kwenye udikteta huniambia lile lile: tupate kwanza katiba nzuri, mengine yatafuata. Hayafuati.

Tunisia walipata katiba nzuri. Dikteta wao, Ben Ali, alikimbia Januari 2011, Bunge la Katiba likachaguliwa Oktoba, na Januari 2014 likapitisha katiba iliyosifiwa kila kona. Ndani yake mliwekwa Mahakama ya Katiba yenye majaji 12: wanne wa bunge, wanne wa Baraza Kuu la Mahakama, wanne wa rais. Iundwe ndani ya mwaka mmoja baada ya uchaguzi wa wabunge wa 2014. Sheria ya 2015 ikadai kila jina la bunge lipate theluthi mbili, yaani kura 145 kati ya 217. Vyama vikavutana, kila kimoja kikiogopa jaji wa mwenzake. Miaka ikapita, jina lililopita ni moja tu. Aprili 2021 wabunge walipotaka kupunguza kiwango hicho, Rais Kais Saied akagoma kusaini: muda uliowekwa na katiba umeshapita!

Julai 25 mwaka huo huo akashika ibara ya 80, ya hali ya hatari, akalisimamisha bunge. Ibara hiyo ilitaka bunge libaki kwenye kikao, na baada ya siku 30 spika au wabunge 30 waiulize Mahakama ya Katiba kama hatari bado ipo. Mahakama ipi? Hata karani wa kupokea maombi hakuwepo.

Ndiyo maana mimi rasimu ya katiba huanza kuisoma mwisho, kwenye masharti ya mpito, yanayosema nini kifanyike na lini. Tarehe isiyo na adhabu ni mapambo. Kenya, katika katiba ya 2010, waliweka ibara ya 261: bunge likichelewesha sheria inayotakiwa na katiba, mwananchi yeyote anaweza kwenda Mahakama Kuu, na likiendelea kukaidi, Jaji Mkuu humshauri rais alivunje. David Maraga alitoa ushauri huo Septemba 2020. Bunge halikuvunjwa, najua. Lakini mlango wa kubisha ulikuwepo.

Kamati hizo huniambia pia: “Uchaguzi uharakishwe.” Libya walipiga kura Julai 2012, miezi tisa hivi baada ya Gaddafi kuuawa, wanamgambo wakiwa bado na bunduki zao. Kufikia mwisho wa 2014 nchi ina mabunge mawili hasimu. Afrika Kusini walikubaliana kwanza katiba ya mpito na misingi 34 ya kufuatwa na katiba ya kudumu, ndipo wakapiga kura Aprili 1994.

Au: “Wa utawala wa zamani wafukuzwe wote.” Iraq, Mei 2003, utawala wa uvamizi ulioongozwa na Marekani uliwafukuza vigogo wa chama cha Saddam Hussein, ukavunja na jeshi, mamia ya maelfu ya watu waliojua kutumia silaha wakarudi nyumbani bila kazi. Kenya waliwapiga msasa majaji na mahakimu, mmoja mmoja. Walioanguka wakaondoka, waliopita wakaendelea kusikiliza kesi.