Mtamba wako: kabla ya kuuliza maziwa, uliza ukubwa wa ndama

Mimi ni mpandishaji wa ng'ombe kwa mrija. Simu ikilia saa tisa usiku, najua ni mtamba, ng'ombe anayezaa kwa mara ya kwanza. Ng'ombe aliyekwisha kuzaa mara mbili tatu hanitoi kitandani mara nyingi. Mwaka juzi, huku wilayani Hai, Kilimanjaro, niliingia bandani nikakuta vijana wanne wanavuta kamba. Kwato mbili zilikuwa nje, na ulimi wa ndama umevimba, rangi ya zambarau. Tulimtoa amekufa. Mtamba naye akabaki chini, miguu ya nyuma haimbebi, kwani neva zinazopita ndani ya nyonga zilikuwa zimebanwa. Mama mwenye ng'ombe alikuwa amelipia mbegu ya bei kubwa baada ya kuambiwa kwamba binti za dume yule wanajaza ndoo. Ukubwa wa ndama wake hakuna aliyemtajia.

Kosa lilikuwa na miezi tisa tayari. Lilifanyika pale mrija wa mbegu ulipotolewa kwenye mtungi wa kuhifadhia.

Ndama wa Friesian huzaliwa na kilo 40 hivi, wa Jersey kilo 25 hivi. Kwa hiyo mtamba chotara wa Friesian mwenye umbo dogo, kwa uzao wa kwanza mimi humpa mbegu ya Jersey. Najua wengi hamtaki: ndama mwekundu, mdogo, sokoni hana bei. Lakini maziwa utakayokamua baada ya uzao huo ni ya mama yake. Damu ya Jersey imo kwa ndama, na uzao wa pili unarudi kwa Friesian wako ukipenda.

Anayeshikilia Friesian tangu mwanzo, basi tusome orodha ya madume pamoja, maana wanatofautiana sana. Kwenye orodha za ng'ombe wa maziwa za Marekani kuna asilimia ya mitamba wanaotarajiwa kuzaa kwa shida wakipandishwa na dume huyo. Hapo namba ndogo ndiyo nzuri. Ukihamia kwa Angus wa nyama wa nchi hiyohiyo, mambo yanageuka: namba kubwa ndiyo nzuri, kwa kuwa wao wanahesabu wanaozaa bila kusaidiwa. Nimeona watu wakiisoma kichwa chini miguu juu. Tazama pia kiwango cha uhakika kilichoandikwa pembeni, maana dume kijana mwenye ndama wachache namba yake bado inaweza kuhama.

Dume wa kijijini hana orodha, na umbo lake linadanganya. Aliyedumaa kwa njaa utotoni anaonekana mdogo, kumbe damu yake ni ya ndama wakubwa. Nenda kwa majirani aliowapandia, uulize *mitamba* walizaaje. Habari za ng'ombe wakubwa hazitakusaidia.

Nikipata mbegu zilizochaguliwa jinsia ili azaliwe jike, mtamba ndiye wa kwanza kumpa. Ndama jike huwa mwepesi kuliko dume kwa kilo mbili hivi, na mitamba hushika mimba vizuri kuliko ng'ombe wakubwa.

Ila usinitafutie wepesi wa ndama peke yake, mwaka hadi mwaka. Binti atakayebaki zizini naye atazaa, na orodha nzuri ina namba ya pili inayoonyesha jinsi binti za dume wanavyozaa wao wenyewe. Isome nayo.

Na hakuna dume atakayemwokoa mtamba aliyepandishwa kabla ya kukomaa. Zungusha utepe wa kukadiria uzito kifuani, nyuma ya mabega. Friesian halisi akiwa chini ya kilo 300 mimi nafunga mtungi, narudi nyumbani. Akishashika mimba usimnyime chakula miezi ya mwisho ukitumaini ndama atadumaa, kwani utamnyang'anya nguvu za kusukuma. Usimnenepeshe pia: mafuta yanajaa kwenye njia ya uzazi.

Nikija kwako, ng'ombe yuko kwenye joto, nisimamishe kidogo kabla sijaingiza koleo mtungini. Uliza jina na namba ya dume iliyochapwa kwenye mrija, iandike ukutani bandani pamoja na tarehe. Kisha hesabu siku 280 hivi hadi kuzaa.