Kichwa cha treni cha umeme si dhaifu kuliko cha dizeli

Kila mtandao wa reli za abiria wa mijini unapotangaza kuhamia kwenye umeme, hurudi dai kwamba kichwa cha umeme hakiwezi kuvuta mabehewa kama kile cha dizeli. Dai hilo si sahihi, kwa kuwa vichwa vingi vya dizeli vya leo navyo husukumwa na mota za umeme: injini huzungusha jenereta, na umeme unaozalishwa huendesha mota zinazozungusha magurudumu. Kwa maneno mengine, kichwa cha dizeli hubeba mtambo wake wa kufua umeme pamoja na tangi la mafuta, ilhali kile cha umeme huchota nishati kwenye waya wa juu, na hivyo hakifungwi na ukubwa wa injini.

Ushahidi ulio wazi kabisa upo New Jersey, Marekani, ambako NJ Transit, shirika la usafiri wa umma la jimbo hilo, hutumia vichwa aina ya ALP-45DP vyenye uwezo wa kutumia dizeli na umeme wa waya. Kikiwa kwenye dizeli, injini zake 2 hutoa jumla ya nguvu farasi 4,200. Kikiinua pantografu, yaani mkono wa juu ya paa unaochota umeme, na kugusa waya, uwezo wake hupita 5,300. Kwa treni inayosimama kila baada ya kilomita chache, tofauti hiyo huonekana hasa inapoondoka kituoni.